Albamu bora duniani, na kanda za Mombasa je?

Pale Mikindani ubishi wa albamu bora hauishi. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliweka Sgt. Pepper's ya Beatles kileleni. 2020 likaishusha, likampa Marvin Gaye na What's Going On. Muziki haukubadilika. Waliobadilika ni wapiga kura.

Sasa Juma Bhalo na Zuhura Swaleh utawaweka wapi? Taarab yao ilitembea kwa kanda, nyingine zimerekodiwa harusini. Orodha ya albamu haina nafasi ya kanda ya harusi, ilhali mamako anaijua neno kwa neno.

Kwa rap, mimi nasimama na Kilio cha Haki (2004), ya Ukoo Flani Mau Mau na wenzao, Mombasa na Nairobi pamoja. Unabisha? Isikize yote kwanza.