Adui wa Mtoto ni Kuchelewa, Si Chanjo

Ndugu wanachama, katika safari zetu za kuyatembelea matawi ya mkoa huu wa Singida, toka Manyoni mpaka Iramba, tumezoea kuulizwa habari za bei ya alizeti na vitunguu, za visima na za barabara. Lakini liko swali jingine, nalo huulizwa na akina mama mkutano ukiisha kufungwa, kwa sauti ya chini, wanaume wakiwa wamekwisha tawanyika. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli kwamba matone ya chanjo wanayopewa watoto wetu kliniki hufunga utumbo?

Hatukuona vema kulijibu swali hili kwa mkato. Msemaji wa chama akimwambia mama, "Huo ni uvumi tu, nenda zako," atakuwa ameshinda kwa maneno lakini amempoteza mtu. Kwa hiyo twataka kulieleza jambo hili kinaganaga, maana ndani yake mna uvumi, mna ukweli kidogo, na mna vifo ambavyo vingeweza kuzuiwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hutokea kipande kimoja cha utumbo wa mtoto kikaingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unavyojikunja ukaingia ndani yake wenyewe. Njia huzibika, damu haipiti vizuri, na kile kipande kilichobanwa huanza kuoza. Mtoto asipotibiwa upesi, huweza kufa kwa muda wa siku chache.

Nani hupatwa? Hasa ni watoto ambao hawajatimiza mwaka 1, na hapa Tanzania wengi wao huwa na umri wa miezi 4 hadi 7. Wa kiume hupatwa zaidi kuliko wa kike. Mara nyingi ni mtoto mzima, mnene, anyonyaye vizuri, ambaye jana alikuwa akicheka. Pengine huwa ametoka kuugua mafua au tumbo, tezi ndogo zilizomo katika ukuta wa utumbo zikavimba, na utumbo ukazivuta mbele kana kwamba ni chakula. Lakini kwa watoto walio wengi sababu haionekani. Basi mama asilaumiwe kwamba amemlisha vibaya, wala jirani asisingiziwe uchawi.

Sasa tuje kwenye chanjo. Chanjo inayosemwa ni ile ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi viitwavyo rota. Nchi yetu iliizindua Desemba 2012, nayo hutiwa mdomoni mtoto akiwa na wiki 6, na mara ya pili akiwa na wiki 10. Uvumi wake haukuzuka hewani. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, iitwayo RotaShield. Haukupita mwaka ikaonekana kwamba baadhi ya watoto walipatwa na kuziba kwa utumbo siku chache baada ya kuipata. Makisio yalikuwa kama mtoto 1 wa ziada katika kila watoto 10,000. Oktoba 1999 chanjo hiyo ikaondolewa sokoni.

Hatuoni haya kulisema hili mbele ya wananchi. Ukweli ukifichwa na wenye kuujua, huokotwa njiani na wasioujua, nao huugeuza wapendavyo. Na ukweli wote ni huu: chanjo ile si hii inayotolewa sasa. Waliotengeneza chanjo zilizofuata walipaswa kuzijaribu kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuruhusiwa. Hata baada ya hapo macho hayakufumbwa. Katika nchi kama Marekani na Australia ilionekana kwamba hata chanjo mpya huweza kuongeza hatari kidogo, watoto wachache tu katika kila watoto 100,000.

Hapo mwananchi wa Afrika ana haki ya kuuliza: Na kwetu je? Mtoto wa huko akizibika utumbo, hospitali ya upasuaji i karibu. Wa kwetu huanza safari kwa baiskeli. Hatari ndogo ya kule yaweza kuwa kubwa kwetu. Swali hili ni la haki, nalo halikupuuzwa. Madaktari wa nchi 7 za Afrika, yaani Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, walikusanya habari za watoto waliolazwa kwa ugonjwa huu na kuzilinganisha na tarehe zilizoandikwa katika kadi zao za chanjo. Matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Watoto 717 walichunguzwa, na haikuonekana kwamba ugonjwa uliongezeka katika siku 21 baada ya kupata matone. Wataalamu wanadhani huenda ni kwa sababu watoto wetu huchanjwa wakiwa wadogo sana, kabla ya kufikia umri ule wa hatari. Basi mama anayemficha mtoto ili ampeleke "akikomaa" hamwepushi na hatari. Wiki ya 6 ni wiki ya 6.

Na kinachozuiwa na matone hayo si kitu kidogo. Inakisiwa kwamba mwaka 2000 kuhara kwa virusi vya rota kuliua watoto wadogo zaidi ya 500,000 duniani, wengi wao wa Afrika na Asia. Mwaka 2013 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hata kama 215,000. Nyuma ya tarakimu hizo mna makaburi madogo ambayo hayakuchimbwa.

Lakini, ndugu, tusijipongeze mapema. Ikiwa chanjo siyo inayowaua watoto waliozibika utumbo, kinachowaua ni nini? Jibu limekwisha andikwa na madaktari wetu wenyewe. Kati ya mwaka 2013 na 2016 walifuatilia watoto zaidi ya 200 wa Tanzania waliopatwa na ugonjwa huu. Karibu watoto 30 katika kila 100 walikufa. Nusu yao au zaidi walifika kwenye hospitali ya kuwatibu siku ya tatu au baada yake, na wengi walikuwa wamepitia hospitali nyingine kwanza. Waliokufa walikuwa wamechelewa zaidi kuliko waliopona. Katika nchi zenye huduma nyingi, ni nadra sana mtoto kufa kwa ugonjwa huu. Ugonjwa ni mmoja, watoto ni wale wale. Tofauti ni saa na barabara.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa methali hiyo si fumbo.

Katika kijiji kimoja tulichokitembelea tulikaa matanga ya mtoto wa miezi 6. Siku ya kwanza alilia kwa vipindi, akikunja magoti, kisha akinyamaza kama amelala. Bibi yake, kwa mapenzi yake, akasema ni mchango, akachemsha mizizi. Siku ya pili alitapika, choo kikawa kamasi lenye damu, akapelekwa zahanati, akapewa dawa ya kuhara damu. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba. Baba akauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa apate nauli, lakini gari lilikuwa limekwisha ondoka asubuhi. Mtoto hakuiona siku ya nne. Hatukumlaumu bibi, wala mhudumu, wala baba. Kila mmoja alifanya alichokijua. Tuliona haya sisi wenyewe, maana miezi 2 kabla tulikuwa tumesimama katika uwanja ule ule tukipiga kelele juu ya maradhi kuwa adui wa taifa, wala hatukutaja dalili hata moja ya ugonjwa hata mmoja.

Basi twazitaja leo. Mtoto mchanga akilia kwa ghafula na kwa vipindi huku akivuta magoti tumboni, akitapika hasa matapishi ya kijani, akilegea, tumbo likivimba, au choo kikiwa kamasi lenye damu, hiyo si siku ya mizizi wala ya kungoja gari la kesho. Kadhalika mtoto mwenye ngiri iliyovimba ikawa ngumu na yenye kuuma, na mtoto aliyezaliwa ambaye siku ya pili inakwisha hajapata choo. Hao wote hutakiwa hospitali yenye daktari wa kupasua, siku ile ile. Na mhudumu wa zahanati akiona damu katika choo cha mtoto wa miezi 5 anayetapika, asiseme kuhara damu kabla ya kuufikiria utumbo.

Wako wenzetu watakaosema kwamba chama kisiingilie kazi ya madaktari. Sisi twasema kazi ya daktari huanzia mlangoni pa hospitali, na ile ya kumfikisha mgonjwa pale mlangoni ni yetu sote. Kila shina lenye nyumba kumi laweza kuwa na mfuko mdogo wa safari ya mgonjwa, hata ukianza kwa debe moja la alizeti kila nyumba wakati wa mavuno. Hata penye msamaha wa malipo ya mtoto mdogo, nauli haina msamaha. Kila tawi lijue nani ana pikipiki, nani ana gari, na namba zao za simu ziandikwe ukutani.

Na Serikali nayo tusiionee haya. Katika uchunguzi ule wa Tanzania watoto walitibiwa kwa kupasuliwa, ambapo kwingineko wengi hutibiwa kwa kusukuma hewa au maji kwa njia ya haja kubwa mpaka utumbo urudi mahali pake, mtoto asiguswe na kisu. Ufundi huo unataka daktari aliyefunzwa na vyombo vya kuona ndani ya tumbo. Ni haki yetu kuomba ufike mikoani. Toka mjini Singida mpaka Dodoma ni kama kilometa 240, na kwa mtoto aliyeziba utumbo kila kilometa ni deni.

Mama aliyetuuliza kwa sauti ya chini tunamjibu kwa sauti kubwa: Mpeleke mwanao kwenye chanjo, na umpeleke kwa wakati. Na akilia kilio usichokijua, usimngoje mtu. Amsha jirani, amsha balozi, tuamshe na sisi.