Mama, Mtoto na Barua ya Jumuiya

Iko desturi katika parokia si chache za Kikatoliki za Tanzania ambayo imezoeleka hata watu wamesahau kuiuliza asili yake. Mama aliyejifungua humpeleka mtoto wake kwa paroko kuomba ubatizo. Kabla hajaulizwa neno lolote juu ya imani, huulizwa barua ya jumuiya. Barua hiyo hutoka mkononi mwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwake, nayo hutakiwa kushuhudia mambo matatu: kwamba mama huhudhuria sala za jumuiya, kwamba hutoa zaka na michango, na kwamba amefunga ndoa kanisani. Akiwa na mawili ya kwanza na kukosa la tatu, aghalabu huambiwa arudi nyumbani, ndoa ibarikiwe kwanza, ndipo mtoto aletwe. Mtoto hurudi mgongoni kama alivyokuja. Desturi hii huitwa nidhamu, na jina hilo haliistahili hata kidogo.

Ni vyema kutazama kwanza ni nani arudishwaye. Mwanamke huyu si mgeni. Ndiye afagiaye kanisa siku ya Jumamosi na kupanga maua mbele ya altare. Sauti yake ndiyo ibebayo kwaya. Msiba ukitokea mtaani, huacha biashara yake ya vitumbua akaenda kuteka maji na kupika, na siku ya tatu bado yumo jikoni wakati wengine wamekwisha kurudi makwao. Tangu mwaka 1972 wanawake Wakatoliki wa Tanzania wana chama chao, WAWATA, na hakuna parokia inayoweza kusema kwa uaminifu kwamba ingesimama bila kazi ya akina mama. Wanawake wakiondolewa katika sala ya jumuiya ya wiki moja tu, atakayebaki ni mwenyekiti na kiti chake. Basi huyo ambaye mikono yake imefaa kwa kila kazi ya Kanisa, mikono yake ileile huonekana haifai kumleta mtoto penye maji.

Jumuiya zenyewe hazikuanzishwa kwa shabaha hiyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, ambao tangu mwaka 1961 walikuwa na chama chao kiitwacho AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimu kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ambamo watu wanajuana. Na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa la kwanza katika uchungaji wao. Sababu ilikuwa wazi. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na Mkristo aliweza kuugua, kufiwa na kufa pasipo paroko kupata habari. Nyumba kumi au ishirini zikikutana, hujulikana nani mgonjwa, nani ana njaa, nani amezaa. Kwa sehemu kubwa shabaha hiyo imetimia, na anayezibeza jumuiya hizi hajawahi kulazwa hospitali mbali na ndugu zake. Barua nayo ilizaliwa kwa nia njema: padre asiyewafahamu watu wake alitaka kujua mtoto huyu anatoka nyumba gani, na nani atamfundisha kusali. Lakini kilichokuwa utambulisho kimekuwa kibali, na aliyewekwa kuwa jirani amekuwa bawabu.

Wateteaji wa desturi hii hupenda kusema kwamba Kanisa lina sheria zake. Neno hilo ni kweli, na kwa hiyo sheria yenyewe na isomwe. Katika Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, kanuni ya 867 huwapa wazazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na kuwataka wamwendee paroko mapema, hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Kanuni ya 868 hutaja masharti mawili tu ili ubatizo wa mtoto uwe halali: wazazi wakubali, au walau mmoja wao, na liwepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini ya Kikatoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo hucheleweshwa, na wazazi huelezwa sababu. Ndoa ya wazazi haikutajwa. Wala haikusahauliwa, kwa maana kanuni ya 877, ieleza namna ya kuandika daftari la ubatizo, humtaja mtoto wa mama asiyeolewa, na kuagiza jina la mama liandikwe ikiwa uzazi wake unajulikana hadharani au mwenyewe ameomba. Msomaji na afikiri: sheria ingewezaje kuagiza mtoto huyo aandikwe katika daftari la waliobatizwa ikiwa ilikusudia asibatizwe?

Husemwa tena kwamba kumchelewesha mtoto ni njia ya kuwasukuma wazazi waende kufunga ndoa. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote machoni pa wengi, nayo ndiyo mbovu kuliko zote. Mwaka 1980 idara ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa maelekezo juu ya ubatizo wa watoto wachanga, ikasema waziwazi kwamba kukataa ubatizo si chombo cha kuwashurutisha watu. Yafaa ikumbukwe pia kwamba ndoa ni ya watu wawili, lakini adhabu hii humwangukia mmoja. Mwanamume hayupo ofisini siku hiyo. Pengine ana mke mwingine. Pengine ni wa dini nyingine na hataki kusikia habari za padre. Mara nyingi mahari haijaisha, na wazee wa mke wamesema hakuna kanisa kabla ya ng'ombe waliobaki. Na hata mahari ikiisha, iko gharama ya harusi. Kanisa halidai ukumbi wala muziki wala suti. Hudai mhudumu wake, mashahidi wawili na hiari ya waoanao. Lakini jamaa na majirani hudai kamati, kadi za mchango, sherehe ya kumuaga bibi arusi na chakula cha watu mia tatu, na mwanamume anayeogopa aibu ya harusi ndogo huahirisha mwaka hata mwaka. Katika mambo yote haya hakuna hata moja ambalo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kulitimiza peke yake. Huambiwa afunge ndoa kana kwamba ndoa ni mlango na ufunguo anao yeye.

Ikiwa shinikizo litafaulu, hali haiwi nzuri zaidi. Sheria ileile, katika kanuni ya 1103, husema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa, au kwa hofu kubwa itokayo nje, ni batili. Hapana shaka si kila msukumo hufikia kiwango hicho. Walakini padre anayemtumia mtoto kama rehani ili apate ndoa ya wazazi wake anacheza karibu sana na shimo ambalo Kanisa lenyewe limelizungushia uzio.

Juu ya fedha hapana haja ya maneno mengi. Parokia haijengwi kwa hewa, na kutoa ni wajibu wa muumini. Lakini kanuni ya 848 humkataza mhudumu kudai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na kumtaka aangalie sikuzote maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mwenyekiti anayezuia barua kwa sababu ya mchango wa bati hana pa kusimama.

Wako wasemao kwamba samaki mmoja akioza huoza wote, na kwamba mtoto huyu akibatizwa wasichana wa mtaa mzima wataona kuzaa nje ya ndoa ni jambo jepesi. Mtoto si samaki. Na wasichana wa mtaa wana macho: wanamwona mwenzao akilea peke yake, akiuza karanga stendi akiwa na mtoto wa miezi mitatu, na hakuna atakayetamani maisha hayo kwa sababu ameona maji yakimwagwa juu ya kichwa cha mtoto. Wanachojifunza mtoto anaporudishwa ni kwamba msichana aliyepata mimba na akakubali kuizaa hupata aibu ya hadhara, hali yule aliyeitoa kwa siri hukaa kwenye benchi lake la kila siku. Mwaka 2012, alipokuwa bado Kardinali Bergoglio, Askofu Mkuu wa Buenos Aires, Papa Fransisko aliyefariki mwaka 2025 aliwakemea kwa ukali mapadre waliokataa kuwabatiza watoto wa akina mama wasioolewa, akamsifu mama wa namna hiyo kwa kuwa amethubutu kumleta mtoto duniani. Alipokuwa Papa, mwaka 2013, alirudia jambo hilo kwa kuwafananisha watu wa namna hii na maofisa wa forodha mlangoni mwa Kanisa. Na mwezi wa Januari 2014, katika Kanisa dogo la Sistina, alimbatiza mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu.

Wapendao mifano ya kale zaidi watamkumbuka Mtakatifu Monika, anayeheshimiwa tarehe 27 Agosti kama kielelezo cha akina mama wavumilivu. Aghalabu wanaomhubiri humwishia kwenye machozi yake kwa ajili ya Augustino, wala hawafiki kwa mjukuu wake. Augustino aliishi miaka mingi na mwanamke wa Afrika pasipo ndoa, wakazaa mwana, Adeodato. Mwanamke alirudishwa Afrika, na katika Maungamo yake yote Augustino hakuliandika jina lake. Lakini Pasaka ya mwaka 387, huko Milano, mikononi mwa Askofu Ambrosi, baba na mwana walibatizwa pamoja, mwana akiwa na umri upatao miaka kumi na mitano. Ni kweli kwamba wakati huo baba alikuwa amekwisha kuachana na yule mwanamke, na mwana si mtoto mchanga. Hata hivyo Augustino, anayekiri katika kitabu hicho kwamba kijana huyo alizaliwa katika dhambi yake, hakuona neno hilo kuwa kizuizi cha maji, wala Ambrosi hakuliona.

Swali la Komunyo ya mama mwenyewe ni lingine, wala halipaswi kuchanganywa na hili. Barua iliyotoka Roma tarehe 13 Desemba 2023 kwenda kwa askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika iliwahusu akina mama wanaoishi peke yao na watoto wao, ambao baadhi yao hujizuia wenyewe kwa kuogopa ukali wa mapadre na majirani. Ikasema wanaweza kuungama na kupokea kama waumini wengine. Anayeishi na mwanamume bila ndoa ana njia nyingine ya kuongozwa. Lakini hali yoyote ya mama haimfanyi mtoto kuwa mshtakiwa.

Linabaki tumaini la malezi, ambalo kwa kweli ndilo sharti. Nani atahakikisha mtoto anafundishwa? Hapa maelekezo ya mwaka 1980 hutoa jibu ambalo jumuiya zingepaswa kulipokea kwa furaha: dhamana inaweza kutolewa na wazazi, au na msimamizi mwenye bidii, au na msaada wa jumuiya ya waumini, nayo ikitosha, padre hana ruhusa ya kukataa. Maana yake ni kwamba barua ya mwenyekiti ingeweza kubaki, ila igeuzwe maneno yake. Badala ya kuandika kwamba mama huyu hana ndoa, iandike kwamba jumuiya inamjua mtoto huyu, kwamba fulani na fulani wamekubali kumsimamia, kwamba mama akiugua mtoto atapelekwa mafundisho na jirani. Barua ya namna hiyo ni nzito kuliko ya sasa, kwa kuwa sahihi iliyomo humfunga aliyeitia na wenzake wote mpaka mtoto afike darasa la Komunyo ya Kwanza na kupita. Ile ya sasa humfunga mama peke yake, na pengine ndiyo sababu huandikwa upesi.