Kutoka Shilatembo mpaka gare ya Likasi

Bandugu vijana wa Likasi,

Tulikwenda Shilatembo, kwa njia ya Lubumbashi. Pale, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi mbele ya Tshombe na maofisa Wabelgiji. Kaburi hakuna: kisha miili ilikatwa na kuyeyushwa mu asidi. Jino moja njo lilibaki. Ubelgiji ililirudisha mu Juni 2022, likapitishwa Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa.

Tulisimama kimya, tukapiga picha, tukarudi. Tulipopita mbele ya gare yetu, mmoja akauliza: na wale wa hapa, je?

Kwa wenye walizaliwa kisha: mu Agosti 1992 Konferansi ya Taifa ilimchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguza wa Katanga. Vijana wa chama cha UFERI, walioitwa JUFERI, wakafukuza watu wa Kasai mu nyumba zao hapa Likasi. Wengi walizaliwa hapa, baba zao walitumika Gécamines. Bamama na batoto walilala kwenye gare, wiki kwa wiki, wakingojea treni. Wengi walikufa pale na njaa na magonjwa, wengine walikufa mu safari.

Pale hatukuona jiwe wala jina.

Lumumba aliuawa na bakubwa. Lakini jirani zetu walifukuzwa na vijana wa umri wetu, wengi bila kazi, walioambiwa kwamba jirani njo amekula kazi yao. Jirani alikwenda. Kazi ilikuja? Muulizeni kila nyumba ya Likasi.

Leo tuko na diploma mu mufuko na kazi hakuna. Maneno yale yakirudi, sisi njo watatutafuta wa kwanza, na bia na franga kidogo. Jibu letu liwe tayari: hapana.

Tunaomba ofisi ya meya na SNCC waturuhusu tuweke jiwe kwenye gare. Na wewe, leo magaribi, uliza wazee wa avenue yako: nani alikaa mu nyumba hii mbele ya 1992? Andika jina.

Shilatembo tutarudi. Lakini tusilie Lumumba kule, na kunyamazia jirani hapa.