Hesabu ya Siku za Kazi kwa Wiki Yetu



Akina mama wengi wa mwambao sasa wanaendesha kazi zao majumbani, wa kushona, wa kupika, wa kusomesha watoto, na daftari la ujira limehamia katika lahajedwali la kompyuta. Twaliona ni jambo jema. Ila kompyuta nayo ina desturi zake, na mojawapo ni kudhani kwamba kila mtu hupumzika Jumamosi na Jumapili. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mwajiriwa ujira wake bila ya kumchelewesha; kumpunguzia, hata kwa kutojua, ni zito zaidi.

Tuchukue chumba cha kushonea ambacho mafundi wake hulipwa kwa siku na hupumzika Ijumaa pekee. Juni ya mwaka 2025 ilikuwa na siku 30 na Ijumaa 4, zikabaki 26. Madaraka iliangukia Jumapili, na kwa sheria ya Kenya mapumziko yakasogea hadi Jumatatu tarehe 2. Serikali ikatangaza Ijumaa tarehe 6 kuwa mapumziko ya Idd-ul-Adh-ha. Ukiitoa tarehe 2, siku za kazi ni 25. Tarehe 6 haitolewi tena, kwani ni Ijumaa na imekwisha kutolewa. Fomula yenyewe yalijua hilo.

Sasa mwenye chumba akitumia fomula ya NETWORKDAYS, pamoja na sikukuu hizo hizo mbili, ataletewa 19. Siku sita za jasho la fundi zimepotea, wala kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Fomula inayomfaa ni hii:

=NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,16,E2:E9)

A2 ni tarehe ya kwanza na B2 ya mwisho, na zote mbili huhesabiwa. Namba 16 ni alama ya Ijumaa pekee. Alhamisi na Ijumaa, kama ilivyokuwa ada ya vyuo vyetu vya Qur'ani, alama yake ni 6. Ijumaa na Jumamosi ni 7. Mwenye mpango wa peke yake, tuseme Jumatatu na Ijumaa, badala ya namba ataandika "1000100", pamoja na alama zake za kunukuu: tarakimu saba kuanzia Jumatatu, 1 ikiwa mapumziko na 0 ikiwa kazi.

E2:E9 ni orodha ya sikukuu, na hapo ndipo wengi hukwama. Ukiandika 2/6/2025 katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, itaisoma kuwa tarehe 6 Februari, na sikukuu ya Juni haitatolewa. Salama ni kuandika =DATE(2025,6,2). Idd nayo hufuata mwezi kuandama, basi tarehe iliyokisiwa mwanzoni mwa mwaka irekebishwe kabla ya kulipa. Tena fomula haijui mapatano yenu. Ikiwa mmekubaliana kwamba siku ya Idd fundi hulipwa hata asipokuja, basi isiwekwe katika orodha hiyo kabisa.

Anayetaka kujua kazi itakamilika lini atatumia WORKDAY.INTL. Nguo za harusi zilizopokewa Jumanne tarehe 3 Juni 2025, zikihitaji siku 10 za kazi, =WORKDAY.INTL(DATE(2025,6,3),10,16,E2:E9) itatoa Jumapili tarehe 15. Siku ya kupokea haihesabiwi hapa, tofauti na fomula ya kwanza. WORKDAY ya kawaida ingesema Jumatano tarehe 18, na pengine harusi imeshapita.

Wala fomula hizi zisipelekwe pasipo pake. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, kwa mwezi mwandamo, na siku zake zote huhesabiwa: za kazi, Ijumaa na Idd.