MITANDAO YA SIMU IFUNGUE LANGO LA NYOTA NA RELI

Ndugu wanachama,

Msimu huu tena foleni itajaa dirishani kwa karani, kila mtu na risiti yake: pamba yangu ilikuwa kilo ngapi, hela imeingia? Wengine hutembea tangu alfajiri kwa swali hilo tu, na simu wanayo mfukoni! Vijana wa kutengeneza programu ya kujibu maswali hayo wapo. Kinachotukwamisha ni lango, na ufunguo anao mwenye mtandao.

Tuelewane kwanza. Ukibonyeza *150*00# hutumii intaneti hata kidogo. Ombi lako linapita kwenye mitambo ya kampuni yenyewe, nayo inakurudishia menyu. Ndiyo maana kitochi cha bei ndogo kinaiweza kazi hiyo. Mwenye simu janja anapakua programu ya mtu yeyote kupitia intaneti, kampuni ya simu haiulizwi. Sisi wa vitochi, ambao ndio wengi hapa, tunapewa tu kile ambacho mwenye mtandao amekubali kukiweka. Yaani uhuru umekuja, lakini umewafikia wenye simu za bei!

Mtu wa nje akitaka menyu yake, haitoshi kupata namba kwa wakubwa wa mawasiliano, TCRA. Inabidi apatane na kila mtandao, mmoja mmoja, ama apitie kwa watu wa kati nao wale chao. Katibu wetu alikwenda kuuliza kwenye mtandao mmoja, akazungushwa njoo kesho njoo keshokutwa mpaka pamba ikaisha ghalani. Kampuni za kubeti zinazimudu gharama hizo. AMCOS ya kijiji itatoa wapi?

Watasema minara ni yao. Sawa, na walipwe! Hatuombi kupita bure. Tunataka bei moja ijulikane, ibandikwe hadharani kama sisi tunavyobandika bei ya pamba, na anayelipa apite, awe tajiri awe kabwela.

Watasema pia kwamba wageni wataharibu mtandao. Maneno hayo ni ya zamani. Huko Marekani bwana mmoja wa Texas, Thomas Carter, alitengeneza chombo cha kuunganisha redio ya mawasiliano na simu ya mezani, kwa ajili ya watu wa mashambani na kwenye visima vya mafuta. Kampuni kubwa ya simu, AT&T, ikakataza, ikidai chombo cha mtu wa nje kitaidhuru mitambo. Mwaka 1968 serikali yao ikaamua Carter aruhusiwe. Mitambo haikufa. Baadaye zikaja mashine za faksi, na vifaa vya kuunganisha kompyuta kwa waya wa simu, vyote vya watu wa nje.

Na hapa kwetu je? Nani amesahau kubeba laini tatu kwa sababu pesa ya mtandao huu haikuingia vizuri kwenye mtandao ule? Mwaka 2014 mitandao ikaanza kuelewana, Vodacom nayo ikajiunga mwaka 2016. Kampuni hazikufilisika.

Jambo la wezi ndilo zito, nalikubali. Hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamekwisha kutuliza wengi, ingawa lango limefungwa. Basi sharti liwe hili: programu ya nje isiguse namba ya siri. Ioneshe kilo, bei na malipo. Hela yenyewe ipite kwenye menyu ya kampuni kama kawaida. Anayekiuka afungiwe siku hiyohiyo.

Wazee wanakumbuka kwamba miaka ya 1950 vyama vya pamba vya Usukuma, alivyoviongoza marehemu Paul Bomani, vilianza kwa ugomvi wa mizani. Mnunuzi alikuwa na mzani wake, anausoma mwenyewe, mkulima anaambiwa tu. Leo mzani tunao, lakini habari za mzani bado zinakaa kwenye daftari la karani.

Napendekeza mkutano mkuu upitishe azimio, chama kikuu kiandike TCRA kikidai bei moja ya wazi kwa vyama vya ushirika kwenye mitandao yote. Na orodha ya wenye vitochi iambatanishwe. Karani anaanza kuandika majina Jumatatu, dirisha lilelile.

Mwanachama mwenzenu