Nyumba ya Kupangisha: Iuzwe Lini?

Tangu habari za uhamisho zilipoanza kusikika, wenzetu makarani kadhaa wametuuliza neno moja: mtu mwenye nyumba ya kupangisha hapa Kibondo, aliyoishika miaka mingi, aiuze lini? Wengi hujibiwa, "Ngoja bei ipande." Jibu hilo twalikataa.

Yafaa kwanza kuujua mji wetu. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu mengi, na nyuma yao wakaja watumishi wa mashirika, watu wenye mshahara na wasio na nyumba. Kila aliyeweza kufyatua matofali akajenga. Kisha wakimbizi wakarudi kwao, kambi zikafungwa, na nyumba nyingi zikabaki na popo. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yakaanza tena. Nduta ikafunguliwa upya mwaka huo, na Mtendeli mwanzoni mwa 2016, na pango likapanda tena. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Basi pango la Kibondo huamuliwa Bujumbura, Geneva na Dodoma, na sisi wenye nyumba hatuulizwi.

Nasi tu miongoni mwa waliokosea. Nyumba ya vyumba sita aliyotuachia marehemu baba ilipata mnunuzi mwaka 2018, wakati shirika moja lilipokuwa limeipanga yote. Tulimcheka mtu yule. Shirika lilipoondoka, nyumba ilikaa tupu miezi kumi na minne. Mchwa wakala miimo ya milango, na ndugu tuliyemwachia ufunguo akajaza mahindi yake sebuleni. Mnunuzi yule hakurudi.

Kosa letu lilikuwa la hesabu, nalo ni aibu kwa karani. Tuseme nyumba yapangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenyewe hujivunia shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Lakini ikikaa tupu miezi minne, zabaki 1,200,000. Toa kodi ya Serikali juu ya pango, 10 katika mia, zabaki 1,080,000. Toa 300,000 za bati, choo na rangi, zabaki 780,000. Ikiwa mnunuzi yupo mwenye milioni 20, nyumba hiyo yakuletea pungufu ya 4 katika mia. Karani aliyehamishiwa Lindi hana budi kuongeza nauli ya kuja kuitazama, na madeni ya mpangaji aliyetoroka usiku.

Wazee watasema kuuza nyumba ya baba ni kumtupa baba. Neno hilo twaliheshimu. Ikiwa kaburi li uani, au mama yu hai na alala humo, hesabu na ikae kimya; nyumba hiyo haikuwa ya biashara tangu mwanzo. Lakini nyumba ambayo wenyewe hatujalala humo hata usiku mmoja, twaiita urithi kwa sababu gani, ila uvivu wa kuamua?

Rai yetu ni kwamba iuzwe mpangaji angali ndani na paa li zima, maana mnunuzi hulipia anachokiona. Hesabu ya miaka mitano, mibaya pamoja na mizuri, ikionyesha kwamba fedha hizo zingezaa zaidi katika hati fungani za Serikali au katika shamba la kahawa, usingoje kambi nyingine. Malizeni mapema kodi ya ardhi, na mke ashirikishwe tangu siku ya kwanza: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka mnunuzi aulize kama mwenzi wa muuzaji ameridhia, na mauzo yasiyo na ridhaa hiyo huishia barazani.

Nyumba yetu sasa ina walimu wawili, nao wamelipa hadi Desemba. Dalali amekwisha kuambiwa, na mama, akaaye kwake Kasulu, amekubali. Bei tuliyomtajia dalali ni ndogo kuliko ile tuliyoicheka mwaka 2018.