Usimpime mwanao kwa saa ya Pogačar

Jioni shule zinapofungwa, barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Old Moshi na Marangu huwa na watoto wa aina mbili juu ya baiskeli. Wapo waliotumwa, wamefunga mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma. Na wapo wanaoshindana tu, nani atamaliza kilima bila kushuka kusukuma.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 14 katika kundi hilo la pili. Baba yake ameona kipaji, amemtafutia baiskeli ya mtumba yenye gia, na kila Julai wanatazama Tour de France kwenye simu mpaka bando linakata. Kisha hesabu zinaanza. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda Tour ya mwaka 2020 akiwa na miaka 21, siku moja kabla ya kutimiza 22. Egan Bernal, mtoto wa milima ya Colombia, alishinda ya 2019 akiwa na 22. Kwa hesabu ya baba imebaki miaka saba, na kijana hajashinda hata mbio za wilaya. Basi mazoezi yanakuwa asubuhi na jioni, siku saba za wiki. Mama anasema mtoto anasinzia darasani. Baba anajibu kwamba mabingwa hawalali.

Mabingwa wanalala, tena sana. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku hata kama hapandi kilima chochote.

Kama ni lazima kulinganisha, mfano wa karibu zaidi uko upande wa pili wa mpaka. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Akiwa mvulana alifuatana na David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz huko Kikuyu, akijifunza kupanda vilima na kutengeneza baiskeli. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mwaka huohuo alijiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya dunia ya vijana kwa kutumia barua pepe ya chama cha Kenya, akasafiri hadi Salzburg, na muda mfupi baada ya kuanza akamgonga msimamizi wa mbio. Wote wawili wakaanguka. Tour yake ya kwanza, mwaka 2008, aliimaliza nje ya 80 bora. Alikuwa na miaka 23, umri ambao Bernal na Pogačar walikwisha kuvaa jezi ya njano hadi Paris.

Kwa saa ya baba yule, Froome alikuwa ameshindwa. Ila mwaka 2013 alishinda Tour, akarudia 2015, 2016 na 2017.

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo linalowahusu wazazi wa Moshi kuliko jezi zote. Mwishoni mwa 2010 vipimo vilionyesha kwamba Froome ana kichocho. Siku moja alikuwa na nguvu, siku nyingine mwili unamkatalia, na matibabu yalibidi yarudiwe. Hakuna anayeweza kusema kichocho peke yake ndicho kilichomchelewesha. Lakini mwanamichezo anayelipwa, mwenye timu na madaktari, alikimbia na ugonjwa ambao mtoto yeyote anaweza kuupata kwenye maji yenye konokono.

Ukishuka kutoka mjini kwenda Mabogini, Chekereni na Arusha Chini, mashamba ya mpunga na miwa hunyweshwa kwa mifereji, na watoto huogelea humo wakirudi shule. Mtoto mwenye kichocho anaweza kukojoa damu, au kuumwa tumbo na kuharisha choo chenye damu, au asionyeshe lolote zaidi ya uchovu. Ugonjwa ukikaa muda mrefu huleta upungufu wa damu na kudumaza ukuaji. Kwa hiyo kijana akianza kuachwa na wenzake kwenye kilima alichokuwa akikipanda vizuri, kabla ya kumwita mvivu, mpeleke kituo cha afya apimwe damu, mkojo na choo. Dawa ya kichocho, praziquantel, ni ya siku nyingi na hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, sababu tosha ya kutomnunulia mwenyewe dukani. Kingatiba ikija shuleni, usimfiche nyumbani siku hiyo.

Hata wale waliochanua mapema hawakupita njia moja. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa mchezaji wa mpira hadi miaka 17. Primož Roglič alikuwa mrukaji kwenye theluji kabla ya kugusa mbio za baiskeli, na alishinda Vuelta ya Hispania akiwa na miaka 29. Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye wengi wanamwona kama aliibuka ghafla mwaka 2024 aliposhinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, alikuwa bingwa wa vijana wa Afrika mwaka 2018, akapita kituo cha mafunzo cha Uswisi, akachukua fedha ya dunia ya chini ya miaka 23 mwaka 2021. Ngazi kwa ngazi.

Tena ushindi wa miaka 13 au 14 unadanganya. Watoto wawili wa darasa moja wanaweza kupishana miaka kadhaa katika kukomaa kwa mifupa. Aliyebalehe mapema anashinda kwa sababu ana misuli, na baada ya miaka mitatu yule mdogo anamfikia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, apumzike siku moja au mbili kila wiki, na asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Kijana wetu wa miaka 14 ana saa 14 basi, na kubeba majani ya ng'ombe kilimani ni kazi vilevile.

Maumivu chini ya kifuniko cha goti wakati anarefuka hayatibiwi kwa kuongeza mazoezi. Binti aliyekuwa akipata hedhi ikakata, huenda hali chakula cha kutosha kwa kazi anayoifanya; aonwe na daktari.

Na kabla ya kununua gia mpya, kagua breki. Kutoka geti la Marangu hadi Moshi ni mteremko wa takribani mita 1,000, una kona, bodaboda na mbuzi. Juni 2019, huko Ufaransa, Froome alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi, upepo ukampiga, akagonga ukuta. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Alikuwa amevaa kofia ngumu.